Nani Amebarikiwa Kweli?

Baraka imekuwa neno la kila siku. Imeandikwa kwenye vioo vya daladala na matatu, kwenye vibao vya saluni, maduka ya vipuri na vibanda vya M-Pesa. Muumini akijuliwa hali hujibu kwamba amebarikiwa. Aliyenunua gari hupongezwa kwa kubarikiwa, aliyehamia kwake vivyo hivyo, na aliyepata mtoto baada ya kungoja miaka mingi husimama kanisani kutoa ushuhuda. Lakini aliyefukuzwa kazi kwa kukataa kughushi hesabu za bosi wake hupewa pole, kisha akaombewa apate mlango mwingine. Ni nadra mtu amwambie kwamba yeye naye amebarikiwa.

Je, mafundisho ya Kikristo nayo yanawagawa watu hivyo? Swali hili si la darasani tu. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakati umati ulipoyakimbilia mafuta ya upako yaliyomwagwa chini ili yakanyagwe. Hawakwenda pale kufanya fujo. Walikwenda kutafuta baraka, na watu wanaoihitaji baraka kiasi hicho wana haki ya kuambiwa ni kitu gani hasa.

Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba Ukristo haudharau mali, afya wala watoto, ila unakataa katakata kuvifanya kipimo. Kipimo chake ni mtu kuwa na Mungu, na dalili yake huonekana katika kile ambacho mtu huyo amekuwa kwa wengine.

Mvua, mifugo na uzao

Tuanzie pale wahubiri wa mafanikio wanapopenda kuanzia, maana wana sababu ya kuanzia hapo. Katika Agano la Kale baraka hushikika kwa mkono. Ibrahimu ana mifugo, fedha na dhahabu. Isaka anapanda katika nchi yenye njaa na kuvuna mara mia. Kumbukumbu la Torati sura ya 28 inawaahidi wanaotii uzao, mifugo, ghala zilizojaa na mvua kwa majira yake. Msikilizaji wa Kiafrika hapati ugeni hapo, kwa sababu wazee wetu nao walibariki kwa mvua, uzao na uzee mwema. Anayedai kwamba baraka za Biblia ni za rohoni tu hajaisoma Torati.

Tatizo ni yale yanayorukwa. Wito wa Ibrahimu katika Mwanzo 12 una pande mbili: atabarikiwa yeye, na kupitia kwake jamaa zote za dunia zitabarikiwa. Upande wa pili ndio sababu ya ule wa kwanza. Nayo Kumbukumbu la Torati 28 inasema na taifa zima lililo chini ya agano, si na mtu mmoja mmoja anayetafuta kiwanja. Aya zake 14 za baraka zinafuatwa na aya 54 za laana, na sura inayotangulia inataja wazi baadhi ya wanaolaaniwa: anayesogeza mpaka wa shamba la jirani, na anayepotosha haki ya mgeni, yatima na mjane. Katika kitabu hichohicho, sura ya 8 inaonya kwamba hatari kubwa itakuja baada ya kushiba, mtu atakapotazama nyumba yake nzuri na kusema ameipata kwa nguvu zake.

Ipo pia baraka ambayo makuhani waliagizwa kuwatamkia Waisraeli, iliyo katika Hesabu sura ya 6. Haitaji ng'ombe wala dhahabu. Inaomba ulinzi wa Mungu, uso wake wenye fadhili, na amani. Mwaka 1979, katika kaburi la kale huko Ketef Hinnom, Yerusalemu, wachimbaji wa mambo ya kale walipata vikunjo viwili vidogo vya fedha vyenye maneno yanayofanana sana na baraka hiyo. Vimekadiriwa kuwa na umri wa takriban miaka 2,600, na wataalamu wengi wanaona vilivaliwa kama hirizi. Tamaa ya kuikunja baraka ikawa kitu cha kuvaa shingoni haikuanza na mafuta ya upako.

Agano la Kale linajihoji lenyewe pia. Elifazi, Bildadi na Sofari wanamwendea Ayubu wakiwa na kanuni nyepesi: mwema hustawi, mwovu huteseka, kwa hiyo anayeteseka ametenda uovu. Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia hao watatu, si Ayubu, na Ayubu ndiye anayetakiwa kuwaombea. Wahubiri hukimbilia sura ya 42, Ayubu anaporudishiwa mali maradufu. Lakini mfuate taratibu. Kauli yake kwamba sasa amemwona Mungu kwa macho yake inatangulia. Anaitoa akiwa bado katika mavumbi na majivu, bila ng'ombe hata mmoja. Mali inakuja baadaye, na haikuwa sababu ya yeye kutulia. Mtunzi wa Zaburi ya 73 naye anakiri kwamba aliwaonea wivu waovu walionenepa wasiojua taabu, hadi alipoingia patakatifu na kutambua kwamba jema lake ni kuwa karibu na Mungu. Na mwenye hekima wa Mithali 30 anaomba asipewe utajiri wala umaskini. Ni ombi ambalo halisikiki sana siku hizi katika mikesha ya kuvuka mwaka.

Heri za Yesu

Yesu anapofika kwenye swali lenyewe la nani mwenye heri, orodha yake inashtua. Mathayo, katika sura ya 5, anawataja maskini wa roho, wenye huzuni, wapole, wenye njaa na kiu ya haki, wenye rehema, wenye moyo safi, wapatanishi na wanaoudhiwa kwa ajili ya haki. Luka, katika sura ya 6, ana heri nne tu, naye hazungumzii umaskini wa roho. Anasema maskini, wenye njaa sasa, wanaolia sasa na wanaochukiwa. Halafu anaongeza ole nne kwa matajiri, walioshiba, wanaocheka na wanaosifiwa na kila mtu.

Kosa moja la wasomaji ni kuyafanya maneno haya kuwa masharti: lia kidogo, nyenyekea kidogo, upate. Kosa la pili, ambalo limewaumiza watu wengi zaidi, ni kuyafanya dawa ya kuwatuliza wanyonge: wewe ni maskini, basi una heri, kaa kimya. Mwajiri asiyelipa mishahara angefurahi kuyasikia mahubiri hayo. Lakini Yesu hasemi kwamba njaa ni nzuri. Wenye njaa wana heri kwa sababu watashibishwa, na wenye huzuni kwa sababu watafarijiwa. Heri imo katika kile ambacho Mungu anakuja kufanya, haimo katika dhiki yenyewe.

Angalia pia nyakati za ahadi hizo. Katika Mathayo, heri ya kwanza na ya nane zinaahidi kitu kilekile, ufalme wa mbinguni, tena kwa wakati uliopo: ufalme ni wao tayari. Zile sita za katikati zinazungumzia wakati ujao. Kwa hiyo aliyebarikiwa ameshapewa kilicho kikuu, na bado anangoja mengine. Anaweza kuwa mwana wa ufalme leo na machozi yake yasifutwe leo. Fundisho linalodai kwamba yote hupatikana sasa limefuta nusu ya Heri, na linalodai kwamba yote ni ya mbinguni limefuta nusu nyingine. Tena orodha haina wanaosubiri tu. Wenye rehema na wapatanishi ni watendaji, na kuwapatanisha watu waliogombania shamba au urithi ni kazi inayochosha.

Mahali pengine Yesu anaikata ile kanuni ya marafiki wa Ayubu. Wanafunzi wanamwuliza ni nani aliyetenda dhambi, kipofu au wazazi wake. Anajibu kwamba hakuna. Anataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu na kukana kwamba walikuwa waovu kuliko wenzao wa Yerusalemu. Mwanamke mmoja anapaza sauti kumsifu mama aliyemzaa; Yesu anajibu kwamba heri zaidi ni ya wanaolisikia neno la Mungu na kulishika. Mariamu mwenyewe anaitwa mbarikiwa kuliko wanawake wote, kisha akamlaza mwanawe horini, akaambiwa na mzee Simeoni kwamba upanga utaipenya nafsi yake, na akasimama kumtazama mwanawe akiuawa. Kama baraka ingekuwa kuepushwa na msiba, Mariamu asingekuwamo katika orodha yoyote.

Paulo anaikamilisha hoja. Wahubiri wengi huahidi "baraka za Ibrahimu" kwa maana ya utajiri wake. Wagalatia 3 inasema ni nini kinachowafikia mataifa kwa njia hiyo: ahadi ya Roho. Waefeso 1 inazitaja baraka moja moja, nazo ni kuchaguliwa, kufanywa wana, kukombolewa, kusamehewa na kutiwa muhuri wa Roho. Mwandishi wa barua hiyo anajitaja kuwa mfungwa. Hata hivyo Paulo hawatukani wenye mali. Katika 1 Timotheo 6 hawaagizi matajiri wawe maskini. Anawaagiza wasijivune, wasitumainie fedha, na wawe wepesi wa kutoa.

Mababa na walimu

Kanisa lililofuata lilibaki katika njia hiyo kwa kiasi kikubwa. Mwaka 386 Augustino, kabla ya kubatizwa, aliandika kitabu kifupi juu ya maisha ya heri kutokana na mazungumzo na mama yake Monika na jamaa wengine. Walifikia kwamba mwenye heri ni yule aliye na Mungu, kwa kuwa kila kitu kingine chaweza kupotea, na mtu anayeishi kwa hofu ya kupoteza hana heri bado.

Katika karne ya 13 Thoma wa Akwino aliuliza kwa utaratibu wake: je, heri ya mwanadamu iko katika mali? Katika heshima? Sifa? Madaraka? Afya? Starehe? Akakataa moja baada ya nyingine. Mali, kwa mfano, hutafutwa kwa ajili ya kitu kingine, kwa hiyo haiwezi kuwa mwisho wa safari. Kwake heri kamili ni kumwona Mungu. Martin Luther, huko Heidelberg mwaka 1518, aliwapinga wanateolojia wanaomtafuta Mungu katika utukufu tu, akisema Mungu hujulikana katika msalaba. Baadaye, kwa mujibu wa mwanasosholojia Max Weber, baadhi ya wafuasi wa Calvin walianza kuona mafanikio ya kazi kama dalili ya kuteuliwa na Mungu. Wanahistoria bado wanabishana na Weber, ila jaribu alilolitaja linajulikana katika kila dhehebu.

Injili ya mafanikio

Injili ya mafanikio kama tunavyoijua ilikuzwa Marekani katika karne ya 20. E. W. Kenyon alifundisha nguvu ya kukiri kwa kinywa, Kenneth Hagin akaieneza, na Oral Roberts akafanya maarufu wazo la sadaka kuwa mbegu inayomrudia mpandaji kama mavuno. Huku Afrika Mashariki injili hiyo ilipokewa vizuri, na haitoshi kusema waumini ni wajinga. Wakati hospitali inadai malipo kabla ya matibabu na mwenye shahada anazunguka na bahasha mwaka baada ya mwaka, mhubiri anayesema kwamba Mungu anajali kodi ya nyumba yako anasema kweli ambayo makanisa ya zamani wakati mwingine yaliisahau. Ameirudisha Torati mezani. Amewafundisha wengine kuacha pombe, kuweka akiba na kujithamini. Wanateolojia wa Kiafrika wa vuguvugu la Lausanne la Wakristo wa kiinjili waliokutana Akropong, Ghana, mwaka 2008 na 2009 walikiri kwamba nguvu za Mungu na miujiza ni kweli, na kwamba kwa maskini wengi mafundisho haya ndiyo tumaini pekee waliloletewa.

Wanateolojia haohao waliyakataa pale yanapomfanya Mungu aonekane kulazimika kujibu kwa sababu mtu amefuata hatua fulani. Hapo ndipo mafundisho haya yanapovunjika, na maandiko yanayoyategemea zaidi ndiyo yanayoyavunja. Aya ya pili ya 3 Yohana, inayotumiwa kama ahadi ya utajiri na afya, ni salamu ya barua kwa mtu aitwaye Gayo. Malipo ya mara mia katika Marko 10 yanatajwa pamoja na mateso. Malaki 3, andiko la kila mahubiri ya zaka, katika aya ya 5 inawashitaki wanaomdhulumu kibarua ujira wake, mjane na yatima; aya ya 10, yenye madirisha ya mbinguni, haiwezi kukatwa na kutenganishwa nayo. Ile "mbegu" ya 2 Wakorintho 9 ilikuwa mchango kwa ajili ya waumini maskini wa Yerusalemu. Haikwenda mfukoni mwa Paulo. Zaidi ya hayo, sura ya 8 inaeleza kwamba aliwatuma ndugu wengine waaminifu waandamane na fedha hiyo, asije akalaumiwa. Mhubiri anayenukuu mbegu ya Paulo anadaiwa pia daftari la Paulo.

Ubaya mkubwa uko kwa wanaoshindwa. Mgonjwa asipopona huambiwa imani yake ni haba. Mke asipozaa huambiwa ana laana za ukoo. Mfanyabiashara akianguka hushauriwa apande mbegu kubwa zaidi. Hiyo ni kanuni ya Elifazi iliyowekewa vipaza sauti, na kitabu cha Ayubu kimeshatoa hukumu juu yake.

Waliotajwa kuwa na heri

Mafundisho hujulikana zaidi kwa watu yanayowaheshimu. Katika miaka ya 1930 Uamsho uliochipuka Gahini, Rwanda, na kuwahusisha watu kama Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church, ulienea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Waliookoka walijulikana kwa kutubu hadharani, kurudisha vitu walivyoiba na kulipa madeni. Kwa hesabu ya duka, aliyerudisha mali alitoka na kidogo kuliko alichoingia nacho. Kwa hesabu yao, huyo ndiye aliyekuwa amebarikiwa.

Kanisa Katoliki lina utaratibu rasmi wa kumtangaza marehemu kuwa Mwenye Heri, na waliotangazwa kwa maisha yao katika eneo letu wanafundisha jambo hilohilo. Sista Irene Stefani, mmisionari Mwitaliano wa Konsolata, aliwahudumia wapagazi wa vita vya kwanza vya dunia katika hospitali za Voi, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Baadaye alifanya kazi Gikondi, Nyeri, ambako Wakikuyu walimwita Nyaatha, mama wa huruma. Alikufa mwaka 1930 kwa tauni aliyoambukizwa na mgonjwa aliyemuuguza, akiwa na umri wa miaka 39. Alitangazwa Mwenye Heri huko Nyeri mwaka 2015. Sista Anuarite Nengapeta aliuawa Isiro, Kongo, tarehe 1 Desemba 1964 kwa kumkatalia kamanda wa waasi wa Simba, na akatangazwa mwaka 1985.

Wa karibuni zaidi ni Floribert Bwana Chui wa Goma, mji ambao Kiswahili ndicho lugha yake ya sokoni na nyumbani. Hakuwa padri wala mtawa. Alikuwa kijana aliyesomea sheria, mwanachama wa Jumuiya ya Mtakatifu Egidio, anayewasaidia watoto wa mitaani kusoma. Kazi yake ilikuwa katika ofisi ya serikali inayokagua ubora wa bidhaa zinazoingia mpakani. Alipewa rushwa aache chakula kilichoharibika kipite, akaikataa. Alishinikizwa, akakataa tena, maana wangekila watu wa mji wake. Julai 2007 alitekwa, akauawa akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, mjini Roma, alitangazwa Mwenye Heri.

Tazama kesi hiyo kwa macho ya mtaani. Kijana yuko mpakani, penye ulaji, na mhuri uko mkononi mwake. Angepitisha ule mzigo, baada ya miaka michache angekuwa na nyumba ya ghorofa, na huenda angeitwa mbele kanisani atoe ushuhuda wa baraka. Ukristo, ulipotakiwa kumchagua mtu wa kuonyesha heri ni nini, ulimchagua akiwa amekataa.

Hukumu

Mali inayopatikana kwa haki ni zawadi ya Mungu, na anayeishukuru hakosei. Afya ni zawadi, watoto ni zawadi, kazi ni zawadi. Kuviomba si dhambi. Yesu alifundisha kuomba mkate wa kila siku. Lakini zawadi hizo haziwezi kuthibitisha kwamba mtu amebarikiwa, kwa kuwa mwizi anaweza kuwa nazo na mtakatifu akazikosa. Kinachothibitisha ni kusamehewa, kumtegemea Mungu katika kupata na katika kukosa, na kuwa mlango ambao wema wake huwapitia wengine. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Fundisho lolote la baraka lipimwe kwa Lazaro wa Luka 16, aliyelala mlangoni mwa tajiri, amejaa vidonda, akitamani makombo. Alipokufa alichukuliwa kifuani pa Ibrahimu, ambaye alikuwa tajiri. Mali peke yake haikumfungia Ibrahimu nje, wala umaskini haukumfungia Lazaro. Fundisho lisiloweza kumwona Lazaro kuwa mtu wa Mungu akiwa bado mlangoni, kabla ya kupona na kabla ya kupata chochote, si Injili, hata likihubiriwa kwa machozi.

Nawe msomaji, kabla hujatuma sadaka nyingine ya mbegu, isome Malaki 3 yote kuanzia aya ya kwanza. Kisha uliza kanisani kwako, kwa heshima lakini bila woga, mwaka uliopita wajane na yatima walipata kiasi gani katika fedha hizo.